Mita Nyuma ya Vyoo

Kila asubuhi kabla ya kengele, Sindano alipaswa kwenda nyuma ya vyoo vya shule kusoma mita ya umeme, kisha aandike namba ubaoni penye lango. Jioni vivyo hivyo. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba matumizi yasiposhuka kufikia Ijumaa, chumba cha kompyuta kitafungwa. Eti wanafunzi hawazimi taa. Wanafunzi husingiziwa hivyo tangu shule ijengwe.

Lakini huko nyuma bomba lilipasuka mwaka juzi. Maji ya choo yalituama, yakajaa funza. Siku ya pili tu Sindano alitapika. Tangu hapo hakufika tena. Alibuni namba za kupendeza, na wenzake, waliozima kila feni na kila taa, wakajivunia ubao wao.

Alhamisi asubuhi shangazi yake, mfagiaji wa shule, alisimama mbele ya ubao huo.

“Hizi umezitoa wapi, mwanangu? Mita nimetoka kuiona sasa hivi.”

“Kunanuka, shangazi.”

“Na pua yangu mimi ni ya mbao?”

Sindano akaenda, kitambaa puani, machozi yakimtoka. Namba ya kweli ilionyesha kuwa matumizi yalikuwa yamepanda, si kushuka. Alipowaambia wenzake ukweli, walimcheka na kumwita fundi wa uongo. Hata hivyo, saa ya mapumziko walizima kila kitu waone kama mita itatulia. Shangazi, aliyekuwa kwenye mita, akasema taa yake ndogo, ile inayopepesa umeme ukitumika, bado inapepesa mbio.

Wakafuata nyaya chumba kwa chumba hadi stoo ya walimu. Humo friji kuukuu lilikuwa likinguruma, mlango wake haufungiki. Nyama imeota manyoya ya kijani, maziwa yameganda kama usaha, mende wanatembea juu yake. Kila mwalimu alisema si lake. Shangazi akafuta utandu kwenye bakuli moja, maandishi yakaonekana: “La mwalimu mkuu. Msiguse.”

Friji likachomolewa, na taa ya mita ikatulia. Mwalimu mkuu, leso mdomoni, akasema chumba cha kompyuta hakifungwi. Mchana huohuo fundi bomba akaitwa, ambaye shangazi alikuwa ameomba aitwe mara saba tangu bomba lipasuke.

Sindano alidhani yameisha. Shangazi akamkabidhi chaki.

“Futa zile za uongo, uandike ya leo. Walimu walifunga mlango wa stoo wakawasingizia ninyi. Wewe uliziba pua ukawadanganya wenzako. Uozo ni uleule, mwanangu. Anayetaka kuukomesha huufuata ulipo.”