Ishara Juu ya Paa la Kibenga

Mara ya kwanza Geneviève kumwona Hyacinthe, katikati ya kelele za soko la Jabe, kijana huyo alikuwa amevaa koti jeupe la daktari, na mama mmoja alikuwa amekwisha kumfunulia mgongo wa mtoto ili autazame upele. Maskini, yeye alikuwa anajaribu koti tu, kwenye rundo la mitumba lililopakana na meza ya vitenge ya Geneviève. Alimweleza mama huyo kwa upole kwamba yeye ni mwashi. Mama akasonya, akaondoka na mwanawe.

Geneviève, aliyevuka mpaka kutoka Uvira na shangazi yake Mwavita vita vilipowafukuza, alicheka hadi akaishika meza.

"Kama we si docteur, basi we ni muchinja nyama," alisema.

"Apana. Mi ni arbitre, muamuzi wa kriketi. Bado najifunza."

"Kriketi ni kitu gani?"

"Njoo Kibenga siku ya samedi, uone. Ukikosa kuelewa, nakununulia Fanta."

Ulikuwa mwaka 2004. Kofia za buluu za Umoja wa Mataifa zilikuwa zimejaa mjini, na baadhi ya wenye kofia hizo, pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, walicheza mchezo wao wa gongo na mpira kwenye uwanja wa nyasi karibu na ziwa. Wachezaji walikuwapo; watu wa kuamua na kuandika alama ndio waliokosekana. Kwa hiyo mzee Ladha, muuza vyuma mwenye sauti kubwa kuliko duka lake, alianzisha mafunzo ya bure kwa yeyote ajuaye kusoma na kuhesabu. Aliahidi kwamba mwandishi wa alama atakayewashinda wenzake atapelekwa Nairobi mwezi mzima, arudi na cheti cha kumpatia kazi katika mashindano ya nchi za jirani.

Geneviève alikwenda kucheka, akabaki kujifunza. Alichopenda ni kwamba mwamuzi wa kriketi hapigi kelele. Anaongea kwa mikono. Mikono miwili juu ni mikimbio sita, yaani alama sita. Mkono mmoja juu, kiganja wazi, ni mikimbio iliyopatikana bila gongo kugusa mpira. Mwandishi akishaona huinua mkono wake kujibu, na mchezo hauendelei mpaka mwamuzi auone mkono huo.

Hebu niambie, vijana wawili wakipewa lugha kama hiyo, wataitumia uwanjani tu? Hyacinthe alikuwa anajenga nyumba ya ghorofa hapo hapo Kibenga. Kila Geneviève alipopita akitoka mafunzoni, amejifunga kitenge chake cha njano, Hyacinthe alisimama juu ya paa na kuanza: sita, nne, sita tena. Geneviève aliinua mkono kule chini barabarani huku meno yote yakiwa nje. Waliyaita mazoezi. Léonce, mwashi mwenzake, alisema hajawahi kuona mazoezi yenye kutabasamu namna ile. Usiku walipigiana simu mpaka salio likawakatia maneno mdomoni, na kufikia msimu wa mvua hakuna aliyekuwa anamdanganya mwenzake tena: walikuwa wamependana.

Siku mzee Ladha alipomtaja Geneviève kuwa ndiye wa Nairobi, mtu wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Hyacinthe.

"Chéri, ni mi. Ni mi mwenye naenda."

"Mwezi muzima?" Hyacinthe aliuliza.

"Mwezi tu. Kwani utakufa?"

"Apana. Lakini mutu akivuka mupaka, ni nani anarudiaka?"

Alitaka kutania, naamini hivyo, ila wivu ulimponyoka. Neno lilimchoma Geneviève mahali ambapo hata shangazi yake hakuthubutu kupagusa.

"Unaniambia vile, mi mukimbizi?" alisema, akakata simu.

Kesho yake alasiri makombora ya waasi yalitoka milimani yakaangukia Kibenga. Moja lilipasua ukuta wa kituo cha wanajeshi na kumjeruhi askari. Geneviève alipiga simu ya Hyacinthe kwa hofu, haikuita. Alipiga tena usiku, na siku iliyofuata, bila jibu. Mwavita, aliyekuwa na jibu kwa kila jambo, alimwambia mwanaume huyo ni mzima kabisa, kanuna tu kwa sababu mwanamke kapata bahati. Geneviève akaamini. Siku moja kabla ya safari alijifunga kitenge cha njano na kwenda Kibenga kumwambia kijana huyo ukweli wake uso kwa uso.

Juu ya paa hapakuwa na mtu. Chini alimkuta Léonce akikusanya vyombo vya kazi, na Léonce alimtazama kama mtu aliyeona mzimu.

"Kumbe hauyajua?" alisema kwa sauti ya chini. "Walimukamata. Wanasema ni yeye alikuwa anaonyesha wale wa milimani fasi ya kupiga. Maaskari walimuonaka kila siku juu ya nyumba, anainua mikono."

Geneviève alikaa juu ya mfuko wa simenti. Ishara zile zilikuwa zake yeye! Kila sita, kila nne, alitumiwa yeye, na yeye ndiye aliyekuwa akiinua mkono kuomba nyingine. Mtu anafungwa kwa kumpenda, naye yuko nyumbani anamlaani.

Kituoni alipokelewa na kapiteni mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Geneviève alieleza kriketi yote, akaona haieleweki, akaomba jaribio: kapiteni amnong'oneze Hyacinthe ishara za kufanya, na yeye, akiwa mbali, aziandike.

Wakamleta Hyacinthe. Ndevu zilikuwa zimemwota, na mkono wa kushoto ameubana tumboni. Alipomwona Geneviève alitaka kusema kitu, akaamriwa kunyamaza. Kapiteni alinong'ona, Hyacinthe akapunga mkono wa kulia, akaunyoosha pembeni, akainua kidole kimoja. Nne. Mpira haramu. Mpigaji nje. Geneviève aliandika yote bila kosa, akaikabidhi karatasi kwa furaha.

Kapiteni aliisoma taratibu.

"Nilikuwa nawaza ni mutu moja," alisema. "Kumbe muko wawili."

Hapo Geneviève aliona alichokifanya. Alikuwa amethibitisha vizuri kabisa kwamba Hyacinthe anaweza kumtumia mtu habari kutoka mbali bila kufungua mdomo.

"Kapiteni," alisema, "lugha ya watu wawili, ndiyo, ni siri. Je, wakiijua watu wa muji muzima? Nipe simu moja."

Mzee Ladha alifika na gari lake la kubebea vyuma, nyuma wamepanda wanafunzi wote: Spès muuguzi wa Kamenge, Massoudi muuza kahawa, na wengine wa kila mtaa na kila dini. Ladha alianza kufoka, kapiteni akamwonyesha benchi akae. Wanafunzi wakatawanywa uani, kila mtu na karatasi yake, Geneviève akiwa mmoja wao. Kapiteni akamnong'oneza Hyacinthe tena.

Safari hii Hyacinthe alifumba macho kwanza. Kisha aliinua mkono wa kulia peke yake, kiganja wazi; bega la kushoto lilijaribu kuufuata, likashindwa. Mikono ya wanafunzi ikapanda kujibu, mmoja baada ya mwingine, nao wakaandika. Geneviève peke yake hakuinua wala kuandika.

Kapiteni alikusanya karatasi, na uso ukamkunjamana. "Mimi nilimwambia sita. Wote wameandika kitu ingine, na wote kitu moja. Na we, kwa nini hauandike?"

"Sababu ile ishara haikutimia," Geneviève alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na sauti haitikisiki. "Sita ni mikono mbili. Ule wa kushoto haupande. Wenzangu wameandika chenye wameona. Angalia mukono yake, kapiteni. Tafazali, muangalie."

Mkono wa shati ulipokunjwa, hata askari aliyeukunja alirudi nyuma. Ulikuwa umevimba na kupinda chini ya kiwiko. Walipokuwa wanamshusha kutoka paani alianguka kwenye ngazi, na hakuna aliyejali kuuliza. Kapiteni alizisoma tena karatasi zake moja moja. Watu wasioijua lugha hiyo wangeandika kila mmoja lake. Hawa waliandika kosa moja, kwa sababu waliona kitu kimoja, na lugha inayosomwa na watu wa kila mtaa haiwezi kuwa siri ya majasusi.

"Mupelekeni hospitali," alisema mwishowe. "Hana kesi."

Katika gari la Ladha, Geneviève alitangaza kwamba haendi popote. Hyacinthe, kichwa chake kikiwa begani kwake, alimkatalia kwa ukali uliowashangaza wote.

"Nilisema neno mubaya, unisamehe. Mukono utapona tu. We ukibaki hapa kwa ajili yangu, kila siku nitajua ni mi nilikufungia mulango. Nenda, mukunzi, mupenzi yangu."

Basi alikwenda. Katika ndege hakulia, wala siku ya kwanza Nairobi, na alianza kujiona mwanamke jasiri. Siku ya pili mwalimu aliingia darasani, akasimama mbele ya waandishi wa nchi mbalimbali, akainua mikono yake miwili juu, kwa wepesi kabisa, bila maumivu yoyote. Darasa zima likainua mkono kujibu. Ndipo mshtuko wote wa Kibenga ulipomfikia. Kalamu ilimwanguka, akatoka nje mbio hadi kwenye kibanda cha simu.

"Allô?" alijibu Hyacinthe.

"Nikirudi, tunaenda commune. Tunaandikishwa bibi na bwana. Usiniambie tungoje."

"Na hii plâtre ya hospitali mukononi?" Hyacinthe aliuliza.

"Na plâtre mukononi."

"Basi utafute robe ya arusi huko huko," alisema. "Mi ile koti nyeupe ya Jabe niko nayo."