Pampu ya Gari la Igombe

Pampu iliguna kabla Selina hajaifunga waya.

Alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma cha Subaru ya Suhaib, kifuniko cha tenki kikiwa wazi mbele yake na waya mkononi. Pampu ikalia ziii, kisha ikanyamaza kama mtu aliyeshtukiwa.

"Kaka," aliita, "umeunga betri?"

"Betri si hii nimeikalia?" alijibu Ndalahwa kutoka kivulini. Na kweli alikuwa ameikalia, hatua tano kutoka kwenye gari, akimenya muhogo wa kuchoma.

Ndalahwa na mdogo wake Selina walikuwa na gereji Mabatini, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Yeye alishika injini, Selina akashika umeme. Suhaib, muuza vitambaa wa mtaa wa pili, aliwaletea Subaru yake akitaka turbo iongezwe nguvu. Ndalahwa alimweleza wazi kwamba turbo ikisukuma hewa nyingi na mafuta yakabaki yale yale, pistoni zitaungua. Ilitakiwa pampu kubwa ya mafuta na nozo nne kubwa zaidi za kuyanyunyizia kwenye injini.

Nozo zilifika kutoka Dar. Pampu haikufika. Suhaib alikuwa ameahidiana na wenzake kushindana barabara ya Usagara Jumamosi, kwa hiyo alipita gereji asubuhi na jioni kuuliza. Siku ya Jumanne, Ndalahwa akaja na pampu imeviringishwa kwenye kitambaa, akasema imefika, mpya kabisa. Selina aliona alama za brashi ya waya ya kusugulia kutu kwenye chuma chake. Hakuuliza.

Mchana wa Alhamisi hiyo, pampu ikiwa imefungwa, walirudisha betri, wakawasha. Injini ikanguruma vizuri mpaka Suhaib akapiga makofi. Dakika moja baadaye ikakohoa, ikazima. Selina alifungua chujio la mafuta, akaliinamisha juu ya sahani. Hayakutoka mafuta. Yalitoka maji ya kijani yenye harufu ya tope na samaki, na ndani yake dagaa mmoja akirukaruka, mzima.

Suhaib aliinama juu ya sahani.

"Nimejaza mafuta jana," Suhaib alinong'ona. "Nimeenda nayo mpaka Misungwi na kurudi."

"Maji yameingia mahali," alisema Ndalahwa, lakini hakumtazama mtu. "Tutoe yote, tuoshe tenki."

Alichukua mpira, akauzamisha kwenye tenki, akauweka mdomoni avute, kama alivyofanya miaka ishirini: unavuta, unatema, unaelekeza kwenye ndoo. Safari hii hakutema. Alivuta, akameza, akavuta tena, na koo lake likawa linapanda na kushuka kama la ng'ombe aliyefika mtoni baada ya kiangazi, na Selina alipomshika bega akaliona gumu kama jiwe, akamwita kwa jina lake la utotoni, akauvuta mpira kwa mikono miwili na mpira haukutoka kwa sababu kaka yake alikuwa ameung'ata, huku ndani ya gari ile pampu, iliyokuwa imekwisha kukatwa umeme, ikilia kwa nguvu kuliko injini yoyote aliyowahi kuisikia, na Suhaib akipiga kelele kwamba atakufa, mtu huyu atakufa, mpaka Selina akapata kisu akaukata mpira katikati.

Pampu ilinyamaza. Ndalahwa akageuka polepole. Maji ya kijani yalimtoka puani.

"Nani amenitoa nyumbani kwangu?" alisema. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa kama ya mtu anayezungumza na kichwa chake kikiwa ndani ya mtungi.

Suhaib alikimbia, akarudi na shangazi yake, Bi Mwanaharusi, mama wa makamo ambaye watu wa Mabatini walimwita kusomea wagonjwa wa namna hii. Hakuja na makeke. Aliwaambia wamlaze Ndalahwa kwenye turubai, akafukiza ubani, akaketi kichwani pake na kuanza kusoma kwa sauti ya chini. Ndalahwa alijipinda, visigino vikachimba ardhi.

"Wewe ni nani?" aliuliza Bi Mwanaharusi.

"Mwenye nyumba."

"Nyumba gani?"

"Ya chuma. Ilizama kati ya mawe ya Igombe, nikaikuta tupu, nikaishi humo miaka tisa. Wakaifunga kamba, wakaniburuta juani. Huyu akaingia chumbani kwangu na spana." Kinywa cha Ndalahwa kilicheka, macho yake yakilia. "Mimi nami nimeingia kwake. Nitamng'oa kimoja kimoja, mwone inavyouma."

Kidole kidogo cha mkono wake wa kulia kikaanza kupinda kwenda nyuma, hakuna aliyekigusa, kikaenda mpaka kikalia kwa kuvunjika. Selina alijiziba mdomo kwa ngumi.

Bi Mwanaharusi alipandisha kisomo. Kwa kitambo kidogo sauti ya kaka yake ikarudi, dhaifu.

"Selina... niliwadanganya. Pampu si mpya. Nimeing'oa kwenye gari lililotolewa ziwani. Liko kwa Masele, kule Igombe."

"Fundi, uliniambia..." Suhaib alianza.

"Ukirudishiwa nyumba yako," Bi Mwanaharusi alimwuliza yule mwingine aliyekuwa ndani ya Ndalahwa, "utamwachia?"

"Irudi nzima, ndani ya maji. Kabla ya jua kuzama. Jua likizama nikiwa sina nyumba, sitatoka tena."

Selina aliing'oa pampu. Ilikuwa ya baridi, ikitetemeka kiganjani kama moyo wa kuku. Aliitia kwenye mfuko wa turubai, akapanda bodaboda. Njia nzima mfuko ulivuja maji. Paja lake lote lililowa, na walipovuka Ilemela dereva akageuka kuuliza amebeba samaki gani wanaonuka hivyo. Selina alikuwa anatazama jua tu.

Masele, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa amekaa kwenye tairi ufukweni. Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mtu juu ya maji.

"Shikamoo mzee. Lile gari lililotoka ziwani liko wapi?"

"Marahaba, binti. Lile pale."

Juu ya mawe lilikaa bodi tupu. Halikuwa na milango, viti wala usukani, na mahali pa injini majani yalionekana kwa chini.

"Vingine viko wapi?" aliuliza Selina.

"Watu wamechukua. Injini kaipeleka fundi mmoja, Jonathan, huko Geita. Milango imeenda Magu. Viti sijui nani, wale walikuja na gari aina ya Noa. Vitu vya zamani vile vinagombewa sana."

"Mzee, vyote? Navihitaji vyote leo. Sasa hivi."

Masele alimtazama, akatazama mfuko unaovuja, akainuka kwenye tairi na kurudi nyuma hatua moja. "Binti, hata boliti hazikubaki."

Selina alikimbilia majini. Aliirusha pampu kwa nguvu zake zote, ikazama kati ya mawe, kisha akarudi akaanza kulisukuma lile bodi peke yake, bega kwenye chuma, miguu ikiteleza, akimwomba Mungu, akimwomba na yule mwingine amwonee huruma, mpaka Masele naye akaja kusukuma bila kuuliza. Bodi lilisogea kidogo, likakwama. Waliposukuma tena, mwanga ulikuwa umeshageuka mwekundu juu ya maji, kisha ukaondoka.

Simu ililia mfukoni. Ilikuwa namba ya Ndalahwa.

"Kaka?" alisema, akihema. "Kaka, ni wewe?"

Nyuma alimsikia Bi Mwanaharusi akisoma kwa sauti iliyopasuka, na Suhaib akilia. Lakini aliyemjibu alikuwa mtulivu, na sauti ilikuwa ya kaka yake kabisa, kila herufi.

"Usihangaike, mdogo wangu," ilisema. "Rudi tu. Nimeshapata pa kukaa."