Dirisha Lililosukumwa kwa Nje

Dereva Mundhir Zghal alikutwa asubuhi amekufa ndani ya gari lake, wa kwanza kwenye foleni ya magari ya kwenda mji wa Gafsa, abiria wameshajipanga nje na mizigo yao na kila mmoja anamlaani kwa kuwachelewesha. Hamuda, msimamizi wa stendi, alimwita kwa jina. Akamwita kwa jina la babake. Akamtukana. Mwisho akavunja kioo cha mlango wa mbele kwa spana, akaingiza mkono, akafungua, na matusi yakamkauka mdomoni.

Maiti ilikuwa imepiga magoti kwenye kiti cha katikati, shavu limeegemea ubavu wa gari, vidole vya mkono wa kulia viko kwenye komeo la dirisha.

Inspekta Radhia Kamun wa upelelezi mjini Sfax alifika akiwa hajanywa hata kahawa. Jambo hilo lilimfanya awe mkali kuliko kawaida yake, na kawaida yake si haba.

"Nani kagusa gari?"

"Mimi tu, Bi Inspekta," Hamuda akajibu. "Na wale walionisaidia."

"Waliokusaidia ni kina nani?"

"Stendi nzima."

"Mungu awalipe. Ondokeni hapa."

Sajini Lotfi alikuwa ameshaingia garini na glavu zake. Akatoa kichwa. "Milango ilifungwa kwa ndani, afande. Dirisha hili la kusukuma nalo limekomewa kwa ndani. Halafu tazama chini ya kiti."

Radhia akainama. Palikuwa na seredani ndogo ya udongo, majivu tele, na birika la chai juu yake.

"Hewa ya mkaa," Lotfi akasema. "Baridi ya Januari, makaa, gari limefungwa. Ajali hiyo. Twende tukanywe kahawa."

Kusema kweli Radhia alitamani iwe hivyo. Lakini Hamuda, aliyefukuzwa, alikuwa hajaondoka.

"Si ajali, Bi Inspekta. Haiwezekani kabisa! Sisi sote tunalala magarini, maana ukitoka tu, wenzako wanalisukuma gari lako pembeni na zamu yako imekwenda. Mundhir alikuwa na seredani yake, sawa. Lakini dirisha hilo hakulifunga hata siku moja. Aliliacha wazi vidole viwili. Aliuogopa mkaa kama alivyomwogopa mama yake."

"Mama yake ana nini?"

Hamuda akashusha sauti. "Jirani yao alikufa kwa mkaa. Basi mama akamwapisha, kwa kichwa chake yeye mama, kwamba hataweka moto garini. Jamaa akaapa. Halafu akawa anauficha chini ya kiti. Nakuomba, yule bibi asijue. Umzike mwanao wa pekee, kisha uambiwe alikula kiapo cha uongo juu ya kichwa chako? Ni mambo ya kumfanyia mtu hayo?"

"Hatajua," Radhia akasema. Alikuwa na sababu yake pia: katika upelelezi, jambo lisilojulikana na watu ni silaha. "Seredani hamkuiona. Mkiulizwa, amekosa pumzi. Atakayefungua mdomo namweka ndani."

Nao madereva, wapiga domo wasio na mfano, walinyamaza. Walinyamaza kwa ajili ya yule mama, si kwa kumwogopa Radhia.

Akavaa glavu, akaingia garini mwenyewe kulichunguza dirisha. Kioo kilitembea kwenye mfereji wa chuma, na komeo lake lilikuwa na ulimi wenye springi uliodumbukia kwenye mapengo mawili. Ukiuweka kwenye pengo la kwanza, kioo kinabaki wazi vidole viwili, hewa inaingia, lakini mwizi hawezi kukifungua zaidi. Pengo la pili ni la kufunga kabisa. Kuurudisha ulimi kunahitaji kuubana kwa kidole gumba, tena kwa nguvu, ukiwa ndani.

Akauweka kwenye pengo la kwanza, akatoka nje. Akajaribu kukivuta kioo kifunguke. Wapi! Akakisukuma upande wa kufunga, kwa kidole kimoja. Kioo kikateleza kama kimepakwa mafuta, ulimi ukaruka, ukadumbukia kwenye pengo la pili.

"Lotfi, umeona?"

"Nimeona." Kahawa ilikuwa imemtoka akilini. "Mtu wa nje hawezi kufungua, lakini kufunga anaweza."

"Na akishafunga, hata yeye hawezi kufungua tena."

Mtaalamu wa alama za vidole akanyunyiza unga wake kwenye kioo, kwa nje. Kikajitokeza kiganja kizima, kimesukuma kuelekea upande wa kufunga. Karibu yake kulikuwa na alama nyingine, pana, ya mviringo. Lotfi aliikodolea macho, asiielewe.

"Paji la uso," Radhia akasema polepole. "Aliegemeza kichwa kwenye kioo, akamtazama kwanza. Alimtazama amelala, ndipo akamfungia."

Alishaona wauaji wa hasira na wauaji wa tamaa. Huyu aliyesimama akatazama kwa utulivu namna hii alimchukia tangu dakika ile.

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuchelewa. Damu ilikuwa nyekundu ya kung'aa, damu ya mtu aliyevuta hewa ya mkaa. Hakukuwa na jeraha wala alama ya kukabwa. Marehemu alizinduka akiwa amechelewa, akajikokota hadi dirishani, na gumba halikuwa tena na nguvu ya kubana ule ulimi.

Mshukiwa hakutafutwa mbali. Stendi nzima ilisikia Mundhir na dereva mwenzake, Shadli Barguwi, wakigombea zamu jioni ya kuamkia kifo hicho.

"Ulimwambia nini?" Radhia akamuuliza, wakiwa chumba cha mahojiano.

"Maneno ya hasira, afande."

"Yaseme."

"Nilimwambia lala humo humo ufie humo." Shadli alikuwa pande la mtu, magoti yake yanagonga meza, na alikuwa analia bila aibu. "Kila siku tunaambiana hivyo! Kesho yake tunakula sahani moja!"

"Jioni ile ulikuwa wapi?"

"Mkahawani. Wote tulikuwa mkahawani, kulikuwa na mpira."

"Wanasema uliondoka wakati wa mapumziko."

"Nilikwenda kuswali."

"Nani alikuona?"

"Mungu."

"Mungu siwezi kumwita shahidi, Shadli."

"Nina watoto, afande. Binamu zake Mundhir wameshafika mlangoni kwangu na visu. Wameapa. Nikitoka wataniua, nikibaki mtanifunga. Niambie, niende wapi?"

Kiganja chake hakikufanana na kile cha kwenye kioo. Isitoshe, alama ya paji la uso ilikuwa chini mno. Shadli angelazimika kukunja magoti kama anayesujudu. Radhia akamweleza hayo mwendesha mashtaka kwa simu.

"Basi alimtuma mtu," mwendesha mashtaka akasema. "Ugomvi upo, tishio lipo, mashahidi wapo. Kesho asubuhi mlete mbele ya jaji."

"Si yeye."

"Niletee aliye yeye, nitakusikiliza."

Mama wa marehemu alikuwa anakuja kituoni kila siku tangu maziko. Bi Mahbuba, mjane, amejitanda shuka lake jeupe, anaketi kwenye benchi la ukumbini na kumwapiza Shadli kwa sauti ya kusikika mpaka mahabusu. Radhia hakuwa amemhoji. Mama mfiwa huachwa alie, na isitoshe, mwanamke wa umri wake angefuata nini stendi ya wanaume?

Siku hiyo akamwingiza ofisini, akamwagizia chai. Hakuigusa.

"Mnamlisha?" Bi Mahbuba akauliza. "Yule mbwa, mnamlisha?"

"Mama, nataka kukuuliza habari za Mundhir. Alikuwa na adui mwingine?"

"Mundhir? Huyo hata paka alimsalimia. Watu wamemzibia pumzi mwanangu, mwanangu asiye na mtu ila mimi, nami sina mtu ila yeye. Kosa lake nini? Kulala kwenye zamu yake?"

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Jioni ile ile."

Radhia akaweka kalamu chini. "Alikuja nyumbani?"

"Angekujaje, na zamu? Nilimfuata mimi. Nilipika kuskusi na pweza, anavyopenda, nikasema leo wanaume wote wako kwenye mpira, hakuna wa kuniona nikikatiza stendini. Nikafika, nikamkuta amelala. Amechoka mwanangu! Nikaweka uso kwenye kioo nikamtazama, kama nilivyokuwa nikimtazama kitandani mwake akiwa mdogo. Sikumwamsha. Nikarudi na chungu changu." Akajifuta macho kwa pindo la shuka. "Ningejua yule mshenzi ananyemelea, ningelala pale pale chini ya gari."

Lotfi, aliyesimama mlangoni, alimtazama Radhia. Radhia hakumtazama. Alitamani mama yule anyamaze hapo hapo, wainuke, waagane.

"Na dirisha?" akauliza.

"Dirisha gani?"

"La gari. Ulilikuta vipi?"

"Wazi!" Bi Mahbuba akaudhika upya. "Januari hii, upepo wa bahari unaingia moja kwa moja kifuani, naye ana kifua kibovu tangu utoto! Mara ngapi nimemwambia, Mundhir, upepo wa tundu ndogo ndio unaoua? Hasikii. Nikamfungia. Nikasema angalau alale na joto."

Huko ukumbini simu iliita mpaka ikachoka.

"Mama," Radhia akasema, "kwenye kioo kile kuna alama ya kiganja. Nakuomba chako, tulinganishe."

"Chukua, mwanangu. Chukueni, msije mkauchanganya mkono wangu na wa yule muuaji." Akamnyooshea Lotfi mkono, akamwachia auviringishe kwenye wino kidole kwa kidole, mtiifu kabisa.

Lotfi akaenda nayo kwa mtaalamu. Aliporudi alitikisa kichwa tu kukubali, akaenda kusimama dirishani, akiwapa mgongo.

Radhia alijua angeweza kuliua jambo hili. Amwachie Shadli, aandike ajali, mama aondoke hajui kitu. Lakini wale binamu wangemchinja Shadli kabla ya Ijumaa, na huyu mama ndiye angewasomea dua. Akapiga moyo konde.

"Hakuna aliyemziba Mundhir pumzi, mama. Garini mlikuwa na moto. Seredani ya makaa, chini ya kiti."

"Hapana. Aliniapia."

"Najua."

"Kwa kichwa changu."

"Najua, mama. Ndiyo maana alikuwa anaacha dirisha wazi."

Bi Mahbuba alimtazama. Midomo yake ilicheza, kama mtu anayerudia hesabu anayoijua. Radhia aliona neno likimwingia, likishuka, na alitamani ardhi immeze yeye na cheo chake.

"Nilimfungia mimi," mama akasema.

"Hukujua."

"Mwanangu alijiwekea pumzi vidole viwili. Mimi nikaja nikamnyang'anya." Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. "Mwacheni yule kijana aende kwa watoto wake. Nipeni simu niwaambie wapwa zangu mwenyewe, kutoka kwa wengine hawataamini. Kisha andika. Andika kwamba ni mimi."

Radhia akaandika. Maungamo yalikuwa mafupi kuliko yote aliyowahi kuyachukua: alimfungia mwanawe dirisha kwa sababu ya baridi. Bi Mahbuba akaweka kidole chake chenye wino chini yake. Kisha akawapigia wapwa zake, akawaambia hayo hayo, akakata simu wakiwa bado wanapiga kelele.

Mwendesha mashtaka alisikiliza, akasafisha koo. "Hakuna nia, hakuna uzembe. Alijuaje kama kuna moto? Funga jalada. Mrudisheni nyumbani kwake."

Shadli akatolewa mahabusu. Alipopita ukumbini alimwona Bi Mahbuba, akasimama, akainama akambusu kichwani. Mama hakuonekana kumjua ni nani.

"Nitafungwa muda gani?" akamuuliza Radhia.

"Hufungwi, mama."

"Nimeua."

"Sheria haisemi hivyo."

"Sheria imezaa?" Akashika mkono wa Radhia, akaukaza. "Niweke kule alikokaa yule kijana. Sitawasumbua. Nakula kidogo."

"Siwezi. Hakuna kosa."

"Basi nani ataniadhibu?"

Lotfi akaja na funguo mkononi. "Gari liko tayari, bi mkubwa. Twende tukupeleke nyumbani."

"Nyumbani nikafanye nini?"

Lotfi akamgeukia Radhia. Radhia akazichukua zile funguo, akazitia mfukoni. Bi Mahbuba akasubiri kidogo, kwa adabu, kama mtu anayedhani ataitwa. Alipoona haitwi akaketi tena kwenye benchi, akajifunika shuka lake mpaka usoni, na hakuna aliyethubutu kumwinua.