Herufi Kubwa za Sura ya Saba

Jumamosi, saa moja na dakika kumi asubuhi, Flaviana aliwasha laptop yake, akaiunganisha na intaneti ya simu, akashuhudia kitabu chake kikifa. Hakikufa ghafla. Sura ya kwanza ilitoweka kwenye folda, ikafuata ya pili, zikaondoka moja moja kama watu wanaoaga msibani, mpaka zote kumi na mbili zikaisha. Miaka minne ya kuandika, kwaheri.

Saa moja na nusu alikuwa mbele ya Rumaisa, fundi wa simu na kompyuta, ambaye meza yake imejibanza kwenye kona ya duka la vyombo la baba yake, Tandika, Temeke. Hakusalimia.

"Umeifanya nini laptop yangu?"

"Nimebadilisha betri tu, shoga. Tabia ya kutosalimia umeileta mwenyewe."

Flaviana hakucheka. "Jana imeshinda kwako. Imerudi, kitabu hakuna. Mchapishaji anafunga kupokea leo saa kumi jioni. Nikichelewa, nafasi yangu anapewa mwingine. Rumaisa, ni kitabu cha baba."

Utani ukamkauka Rumaisa mdomoni. Baba yake Flaviana, mchonga vinyago, alikuwa amefariki mwaka juzi, na Tandika nzima ilijua binti anaandika maisha yake. Mtaa ukisikia fundi kampoteza marehemu mara ya pili, nani ataleta simu pale? Alisukuma pembeni vitumbua vyake, bado vimefungwa kwenye karatasi, akavuta kiti.

"Sikiliza. Faili zako zinakaa humu ndani na kule mtandaoni, zinaigana kama pacha. Kitu kikifutwa huku, na kule kinafutika. Asubuhi laptop imepata intaneti, ikatii amri iliyokuwa inaisubiri. Tumtafute aliyeitoa."

Akafungua kumbukumbu za akaunti. Ijumaa, saa tano na dakika ishirini asubuhi: folda imefutwa. Dakika mbili baadaye: pipa la taka limemwagwa. Aliyefanya hivyo: Flaviana.

"Mie?"

"Akaunti haijui sura ya mtu. Inajua nywila."

Rumaisa aliwaandikia wenye mtandao kuomba msaada. Jibu lilikuja la adabu sana: wasubiri siku tatu hadi tano. Zilikuwa zimebaki saa nane.

"Saa tano jana laptop ilikuwa hapa, imefumuliwa, haina betri," alisema. "Baba ni shahidi."

Mzee Abdulsamad akachungulia nyuma ya masufuria. "Nilitaka kuegesha kikombe cha chai juu yake, akanifokea kama kanizaa yeye."

"Simu yako je, shoga?"

"Kazini kwangu, kiwandani Mikocheni, simu tunaacha getini, kabatini, toka saa moja mpaka saa kumi. Ufunguo anao mlinzi."

"Basi kuna kifaa cha tatu. Nani anaijua nywila?"

Walikuwa wawili: Ferdinand, kaka yake, na Venance, mwandishi mwenzake aliyeazima laptop wiki iliyopita. Venance alipigiwa kwanza.

"Mie nikufutie?" Sauti ilitoka nzito, kama ana kiazi cha moto mdomoni. "Niliposoma sura yako ya kwanza nilinuna wiki nzima, wivu ninao. Lakini jana saa tano nilikuwa nang'olewa jino. Muulize daktari, nilimng'ata."

Saa tatu walifika nyumbani kwa kina Flaviana. Mama yake, Margareta, alikuwa barazani akichambua choroko, ameinamia ungo hadi pua inakaribia kuugusa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Rumaisa. Mbona nyuso zenu hivyo?" Alipoambiwa, alirudi kwenye choroko zake. "Simu na kompyuta zenu hizo! Yangu ikijaa video za harusi, Ferdinand kanifundisha kumwaga pipa, basi."

Ferdinand akatoka akijifuta vumbi la mbao. "Jana? Nilikuwa Mwenge, soko la vinyago, toka asubuhi. Simu yangu kioo kimekufa tangu Jumatatu, na wewe Rumaisa ndiye unayenizungusha, 'njoo kesho, njoo kesho.'"

Ilikuwa kweli. Simu yake ilikuwa kwenye droo ya Rumaisa.

Saa tano walirudi dukani mikono mitupu. Flaviana akakaa juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, akakata tamaa waziwazi. "Nilimwahidi akiwa kitandani. Nilimwambia, baba, jina lako halitaoza."

Rumaisa akafungua vitumbua, akampa kimoja. Hapo jicho lake likanasa kwenye karatasi yenye mafuta. Ilikuwa imechapwa kwa herufi kubwa, nene, na wino umetoka michirizi.

"...kesi ya magogo ya mpingo yasiyo na kibali ikampeleka gereza la Ukonga miaka miwili. Mama hakukanyaga pale getini hata siku moja..."

Flaviana aliinyakua. "Hii ni sura ya saba! Sijawahi kuichapa!"

"Vitumbua nimenunua kwa Mwanabaraka. Na karatasi Mwanabaraka huchukua zile zilizoharibika kwa Tunu."

Tunu ana steshenari pale kona, na kompyuta yake haijawahi kufutwa kitu. Mpaka leo ina barua za kuomba kazi za watu waliokwishastaafu.

"Faili lipo," alisema Tunu walipomfikia, akiangalia chini. "Lakini aliyelituma aliniapisha nisitoe wala nisimtaje."

"Kitabu ni changu!" Flaviana alilia.

"Najua, dada. Lakini mtu nimempa shikamoo, kaniitikia, nikamwahidi. Nitamgeukaje? Aniruhusu mwenyewe."

Rumaisa alimshika Flaviana mkono, akamtoa nje.

"Venance umri wake na Tunu sawa. Ferdinand ni mdogo kwake. Tunu amwamkie nani kati yao? Na herufi hizi ni za mtu asiyeona vizuri. Shoga, ulipopata simu mpya, ya zamani ulimpa nani?"

Flaviana alianza kutembea kuelekea kwao.

Ilikuwa saa saba kasoro. Rumaisa alipiga goti pembeni ya ungo. "Mama, naomba kuiona simu." Margareta akaitoa kwenye kanga bila ubishi. Akaunti ya Flaviana ilikuwa bado wazi ndani yake.

"Mama, kwa nini?" Sauti ya Flaviana ilipasuka.

"Niliona jina la baba yako humo. Nikachapisha nisome. Nimesoma mpaka sura ya saba." Margareta aliweka ungo chini. "Nani kakwambia sikukanyaga Ukonga?"

"Baba. Alisema hakukuona hata siku moja."

"Hakuniona, kweli. Alikataa kutoka! Alisema nisimwone kwenye nguo zile. Nilikuwa naenda, naacha sabuni getini, narudi. Miaka miwili. Nyie nawaaga naenda kwa fundi cherehani. Mlinzi akinionea huruma, mie nacheka, nisimwaibishe mume wangu." Alijifuta macho kwa pindo la kanga. "Halafu nisomwe nchi nzima kuwa nilimtupa? Nikaona bora kife chote."

Flaviana akakaa chini, sakafuni.

"Mama, ungeniambia."

"Ungeniuliza."

Margareta akaiomba simu, akaiweka sikioni. "Tunu mwanangu. Wape."

Saa nane walikuwa wamebanana steshenari kwa Tunu, Margareta akiwa nao. Sura kumi na mbili zilifunguka, nzima. Kidole cha Flaviana kilisogea kwenye kitufe cha kutuma, kikasita. Akarudi sura ya saba, akafuta mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama. Sabuni ilikuwa ya aina gani?"

"Ya mche. Niliikata vipande viwili, ili kimoja akigawe."

Rumaisa, aliyekuwa anaiondoa akaunti kwenye simu ya mama, aliangalia saa ya ukutani akameza utani wake wote. Saa kumi kasoro dakika nne, sura ya saba ikiwa imeandikwa upya, kitabu kilitumwa.

Kisha Flaviana akamgeukia Tunu. "Nichapie sura ya saba. Herufi kubwa."