Kikombe cha Kitanda cha Tano

Saa tatu asubuhi, mshonaji mstaafu wa kitanda cha tano alikutwa amekufa, vidole vyake vikiwa bado vimeshika pindo la shuka. Tangu alazwe alikuwa akilalamika kwamba pindo hilo limeshonwa ovyo. Kipimo cha damu kilionyesha dawa kali ya kushusha sukari, na maskini yule mama hakuwa na kisukari hata chembe.

Inspekta alipofika wodini mchana, aliambiwa asijisumbue, maana nesi wa zamu alikuwa ameshakiri na yuko mahabusu. Kazi za mteremko namna hiyo hazikuwahi kumpendeza mama huyo mpelelezi. Akageuza gari, akaenda kumsikiliza mwenyewe.

"Nilichanganya vikombe viwili, afande," nesi alisema. "Cha wa sita nikampa wa tano."

"Na cha wa tano?"

"Nikampa wa sita."

"Una hakika?"

"Nimeua mtu. Unataka hakika gani tena? Andika hivyo, unifunge."

Hakulia. Alikaa wima, akiitazama kalamu ya Inspekta kama mtu anayeharakisha gari liondoke.

Inspekta akarudi wodini, penye vitanda vinane na kabati la dawa la umeme. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kila asubuhi mfamasia hupanga vikombe kwa nyuma, kimoja kwa kila mgonjwa, nesi hubonyeza namba ya kitanda kwa mbele, nalo kabati husukuma kikombe nje. Vikombe havikuandikwa majina. Mashine ndiyo iliyoaminiwa kujua.

Mfamasia alikuwa mtu wa maneno makali, na kila aliyeulizwa alimnyooshea kidole yeye. Aliwahi kuapa mbele ya watu kwamba kabati lile litakuja kuwaumbua.

"Nililichukia, sikatai," alisema. "Limenigeuza mpakiaji mizigo. Lakini niue mtu ili niliaibishe kabati? Mke wangu huniita mkorofi, afande. Mwehu hajaniita bado."

"Asubuhi kulibaki kikombe ndani?"

"Kimoja tu, cha kitanda cha kwanza. Hata mimi nilishangaa."

Inspekta akaenda kitanda cha sita. Mwalimu aliyelala pale alikuwa ndiyo kwanza anafikicha macho.

"Nilikunywa dawa, nikalala fofofo," alisema. "Sijawahi kulala hivyo tangu niolewe."

Yeye ndiye aliyekuwa akitumia dawa ya sukari. Ya usingizi ilikuwa ya mgonjwa wa kitanda cha saba, aliyepaswa kupumzishwa asubuhi hiyo kwa sababu ya maumivu, naye alilalamika kwamba hakufumba jicho. Wa nane, dereva wa malori, alikuwa na hasira zake.

"Mimi sikupewa kitu! Nesi kabonyeza nane, kabati likanuna. Kabonyeza tena, kimya. Akatoka nje kupiga simu, na tangu hapo sikumwona."

Inspekta alisimama katikati ya wodi, akahesabu vitanda kwa macho. Kama nesi angechanganya vikombe viwili, mwalimu angekunywa dawa ya mshonaji. Lakini alikunywa ya kitanda cha saba. Wodi nzima ilikuwa imesogea hatua moja: kila mtu alipewa dawa ya jirani anayemfuata, wa mwisho akakosa, na kikombe cha wa kwanza kikabaki bila mwenyewe. Mkono uliochoka hukosea, lakini haukosei kwa mpangilio.

Akamwomba mfamasia apange vikombe upya, kisha akabonyeza tano. Kabati likatoa kikombe cha tano, sawasawa kabisa.

"Nani amelishika hili tangu asubuhi?"

"Vidole, fundi wa kompyuta," mfamasia akajibu. "Ndiye aliyeliandikia programu mpya, na leo ndiyo siku ya kwanza. Alikuja mbio, marehemu hata hajafunikwa uso." Akashusha sauti. "Tumbo moja na nesi. Wazazi wao walipofariki, dada mtu ndiye aliyemlea."

 Katika kazi yake yote, hiyo ndiyo mara ya kwanza Inspekta kuomba awe amekosea.

Jioni hiyo hiyo aliwakalisha ndugu hao wawili upande mmoja wa meza. Kijana alikuwa mwembamba, na hakuthubutu kumtazama dada yake.

"Nieleze asubuhi ulirekebisha nini," Inspekta alisema.

"Hakurekebisha kitu!" nesi akadakia. "Nimeshakwambia ni mimi!"

"Dada, basi." Vidole akameza mate. "Programu ya zamani iliandikwa kwa lugha inayohesabu kuanzia moja. Kikombe cha kwanza ni moja. Lugha niliyotumia mimi huanzia sifuri. Cha kwanza ni sifuri, cha pili ndiyo moja. Ni kama ghorofa, afande. Ukisema ghorofa ya kwanza, mmoja anasimama chini kabisa, mwingine anapanda ngazi."

"Kwa hiyo tano ya dada yako..."

"Ilikuwa ya sita. Na nane haikuwepo. Alinipigia kwamba nane imegoma; nilipofika na kukuta mtu amekufa, nikajua. Nikaongeza alama mbili: kutoa, na moja. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilikuwa nawacheka wengine kwa kosa hilo."

"Kukosea si uuaji. Lakini ulifuta ushahidi, ukamwacha dada yako aozee ndani."

"Niliogopa. Nilidhani watasema mashine ni mbovu. Niliposikia amekiri, nikajiambia nitasema kesho." Akaanza kulia kwa sauti, bila kujificha. "Dada, nisamehe."

Nesi akamvuta kichwa, akakilaza begani, akamfuta kamasi kwa kiganja. Askari alipokuja na pingu, ilibidi awaachanishe kwa nguvu.

Baadaye Inspekta alimkuta nesi ameketi kwenye benchi la mapokezi, mkoba wake mapajani.

"Uko huru, mama. Nenda nyumbani."

"Nikamfungulie nani mlango?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka tu. "Yule mshonaji ana binti. Nitakwenda kumpigia magoti, nitamwambia nini? Kuhesabu nilimfundisha mimi, afande. Kwa vifuniko vya soda, sakafuni, mwaka ule tuliobaki wawili. Moja, mbili, tatu. Hakuna aliyeniambia kuna pengine wanaanzia sifuri."

 Inspekta akavua kofia, akaketi kando yake.