Celine Awuor Ni Nani?

Awuor ni fundi wa nguo. Anaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, na mume wake Phares, karani wa kaunti. Ploti nzima wanamopanga inamwita Mama Jackton, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Hata kanisani ni Mama Jackton. Jina lake la kitambulisho, Celine Awuor, hukaa kwenye mkoba pamoja na kitambulisho chenyewe.

Cherehani yake inashona vizuri. Shida ni pindo. Nguo ambayo haijapigwa ovaloki huanza kufumuka nyuzi ikifuliwa tu. Awuor hana mashine ya ovaloki, kwa hiyo hubeba sare za shule hadi Kariokor, kwa fundi Wathome, na kungoja zamu yake. Januari iliyopita foleni kwa Wathome ilikuwa ndefu. Watoto wa chekechea walifungua shule wakiwa na nguo za nyumbani.

"Mama Jackton, nakupenda, lakini sitakungoja tena," mwalimu mkuu, Bi Kate, alimwambia. "Januari ijayo ukichelewa, kazi naipeleka Eastleigh."

Kazi hiyo ndiyo inayolipa karo ya Jackton.

Mwezi wa Juni, Awuor aliona ovaloki kwenye duka la mtandaoni. Duka hilo lina kadi ya mkopo. Ukikubaliwa, unachukua bidhaa sasa, unalipa kidogo kidogo kila mwezi. Awuor aliweka chai jikoni, akaijaza fomu kwenye simu. Chai haijachemka, jibu likaingia: "Ombi lako limekataliwa."

"Wamenikataa!" alisema.

"Nani?" Phares aliuliza.

"Wenye duka. Mimi! Mtu asiye na deni hata la sukuma wiki!"

"Jaribu tena. Pengine ni mtandao."

Alijaribu tena. Akakataliwa. Akaenda duka la pili, kisha la tatu. Kote jibu lilikuwa lile lile.

"Ni kwa sababu naishi Umoja," alisema kwa uchungu. "Ningekuwa Karen kwa matajiri wangeniletea mpaka kitandani."

"Nyar Alego," Phares alisema. Humwita hivyo, binti wa Alego, anapotaka kumbembeleza. "Wakikukataa wote, mimi nilishakukubali zamani."

"Wewe una ovaloki?"

"Sina."

"Basi kunywa chai yako unyamaze."

Jioni hiyo Sylvance, mdogo wake Phares, alipiga simu. Alisema kuna mtu mjini anayesafisha majina ya watu wanaonyimwa mikopo. Unamlipa, naye anakusafisha. Awuor alikuwa karibu kukubali. Bahati nzuri, jirani yao Kathini alikuwa mlangoni, amekuja kuchukua sketi yake, akawasikia. Kathini hufanya kazi katika idara ya mikopo ya sacco moja.

"Huyo atasafisha mkoba wako, si jina lako," Kathini alisema. "Hebu nione simu. Uliandika jina gani?"

"Jina langu."

Kathini alisoma. Aliuma mdomo. Kisha akacheka mpaka akakalia rundo la vitambaa.

"Aki ya nani! Umeandika Mama Jackton!"

"Ningeandika nani? Boda wa kuleta mzigo akiuliza Celine kwenye hii ploti, ataonyeshwa nani? Hata Wasike keateka, mtunza ploti, hamjui Celine!"

"Kompyuta ya duka haimjui Jackton, wala mama yake. Inalinganisha jina, kitambulisho na laini ya simu. Laini yako imesajiliwa kwa nani?"

Awuor alimtazama Phares. Phares alitazama dari.

"Nilimnunulia simu kama zawadi," Phares alisema. "Nikasajili laini kwa kitambulisho changu. Yalikuwa mapenzi."

"Mapenzi mazuri, Baba Jackton. Lakini sasa jina ni la Mama Jackton, kitambulisho ni cha Celine, na laini ni ya Phares. Watu watatu wanaomba ovaloki moja. Wewe ungewapa? Na wateja wenu, wanalipa kwa laini gani?"

"Hiyo hiyo," Awuor alisema.

"Basi kwenye kumbukumbu, fundi wa sare ni Phares. Celine hana kazi."

Phares alitoa kifua mbele. "Nilijua nina kipaji."

Awuor alimrushia kitambaa. Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini Kathini, mimi sina deni na mtu. Hilo halihesabiwi?"

"Ni heshima kubwa. Lakini mkopeshaji hakujui. Akija mtu usiyemjua, aseme umshonee suti, atalipa mwezi ujao, utashona?"

"Simjui huyo!"

"Umejijibu. Jambo lingine, kila ombi linaacha alama. Ukiomba huku na huku kwa siku chache, unaonekana umebanwa. Kwa hiyo acha kuomba kwanza."

"Alama hizo anaweka nani?"

"Kuna ofisi zinazoweka kumbukumbu za mikopo. Watu huziita CRB. Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako bure, angalau mara moja kwa mwaka. Iombe, uisome. Ukikuta deni lisilo lako, au ulilokwisha kulipa, dai lirekebishwe. Na duka likikukataa, waulize sababu. Kuuliza si kuomba msamaha."

Wiki hiyo Awuor na Phares walikwenda kwenye duka la kampuni ya simu, kila mmoja na kitambulisho chake. Laini ikahamishwa, ikawa ya Celine Awuor. Nambari ilibaki ile ile, na wateja wakaendelea kulipa. Ripoti ya CRB ilikuja safi, lakini karibu tupu, maana hakuwahi kukopa. Awuor alijiunga na sacco. Baada ya kuweka akiba, alichukua mkopo mdogo wa vitambaa, akaulipa siku zake zikifika, nao ukaingia kwenye kumbukumbu zake.

"Usikope usichoweza kulipa," Kathini alimwonya. "Na kabla ya kukubali kadi, uliza mambo mawili. Nitalipa jumla ya pesa ngapi? Nikichelewa, inakuwaje?"

Novemba, Awuor aliuliza yote mawili. Majibu aliyaelewa. Aliomba mara moja tu, kwenye duka moja, kwa jina lililo kwenye kitambulisho. Safari hii alikubaliwa. Kiasi hakikutosha ovaloki kubwa aliyoitamani. Kilitosha ndogo.

Siku ya mzigo, Awuor alikuwa anashona. Simu ililia chini ya vitambaa, hakuisikia. Langoni, boda alisimama na boksi.

"Natafuta Celine Awuor."

"Hapa hakuna Celine," Wasike alisema. "Nawajua wapangaji wangu wote."

"Simu hashiki. Basi narudisha."

Awuor alisimama kunyoosha mgongo, akachungulia dirishani. Aliona boksi linafungwa tena kwenye pikipiki.

"Wasike! Shika huyo boda! Celine ni mimi!"

"Wewe ni Mama Jackton!"

"Ni mimi!"

Alishuka ngazi mbio, kiatu kimoja mguuni, utepe wa kupimia shingoni, kitambulisho mkononi. Wasike alikisoma polepole, akamtazama, akakisoma tena.

"Kumbe una jina zuri hivi. Ulikuwa unamfichia nani?"

Januari, sare zilifika kabla ya shule kufunguliwa. Bi Kate aligeuza moja ndani nje, akavuta pindo kwa nguvu. Hakuna uzi uliotoka. Alikunja sare ile, akasema, "Na za darasa la kwanza, utaweza?"

"Nitaweza," Awuor alisema.

Aliporudi nyumbani, alimkuta Phares amesimama kwenye stuli, anagongomea kibao juu ya mlango. Alikuwa amekiandika mwenyewe, kwa rangi ya buluu: CELINE AWUOR, FUNDI WA SARE.

Chini yake, kwa herufi ndogo, aliongeza: Yaani Mama Jackton.