Mwanga Juu ya Paa la Wodi

Foleni ya duka la simu ilikuwa imefika barabarani, na mtandao ulikuwa haupatikani. Mbele ya msusi mmoja alisimama mwanamume wa shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka, akimhoji mlinzi kuhusu chombo cha angani ambacho mlinzi huyo alidai kukiona kikitua kwa kishindo.

"Anakudanganya huyo," msusi akadakia. "Ule mwanga hauna kishindo."

Mwanamume akageuka. "Umejuaje, dada?"

Siku hiyo hakumjibu. Alimpa namba yake ya simu tu.

Mwanamume huyo alikuwa mhadhiri wa dini, akichunguza kwa nini watu wakiona taa angani, mmoja husema malaika na mwingine wageni wa sayari nyingine. Mdomo wake ulikuwa mtamu. "Malkia wangu, umekula?" Simu ziliita asubuhi na jioni, mpaka wateja wa saluni wakaanza utani: "Shemeji huyo tena!" Msusi akalegea. Jumapili moja, kichwa kifuani pake, alimsimulia jinsi mama yake alivyokata roho, mwanga ukatua juu ya paa la wodi, na sauti ya mama ikamwita kutoka humo. Alimruhusu arekodi, kwa kuwa alimpenda.

Mhadhiri naye akamnong'oneza. "Mimi pia niliuona, utotoni. Mpaka leo nikiona taa nisiyoielewa, napiga magoti. Wenzangu wakijua, nimekwisha."

Siku ya mhadhara wake mkubwa, msusi alikwenda bila kumwambia, amevaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili yake. Alitaka kumshtua. Akashtuka yeye: spika za ukumbi zilikuwa zikitoa kilio chake, "Mama! Mama!", na watu walikuwa wakicheka. Mhadhiri alitabasamu nao. "Jina tumelificha," alisema, "kama taratibu zetu zinavyotaka."

Msusi hakutoka. Alisubiri muda wa maswali, akaomba kipaza sauti.

"Sauti hiyo ni yangu," alisema. "Naomba kuuliza. Mhadhiri akiona mwanga na kupiga magoti, huwa anachunguza au anaomba?"

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mkuu wa idara akavua miwani. Mhadhiri angeweza kukana, lakini alimtazama msusi.

"Naomba," alisema.

Msusi alisikia utamu, utamu wa kweli, mpaka kwenye ncha za vidole.

Jioni simu iliita.

"Wameninyang'anya utafiti. Na jina lako nililificha, malkia wangu!"

"Na mama yangu ulimficha wapi?"

"Nisamehe. Nije?"

"Usije."

"Kumbe hukunipenda kamwe."

Machozi yalikuwa yakimtiririka msusi, lakini sauti yake haikutetereka.

"Nakupenda hata sasa. Ningekuwa sikupendi, ningejuaje pa kukupiga?"